Mizizi ya Nje

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumefungua maonyesho ya okidi. Mvua nayo imeanza asubuhi hiihii, kana kwamba tuliialika. Bango nimelitundika mwenyewe mlangoni pa nyumba ya vioo: JIFUNZE KULEA OKIDI. NJOO NA YAKO, HATA KAMA INAUMWA. Meneja wa bustani alitaka tuandike "iliyodhoofika kiafya". Nikamwambia mtu mwenye ua linalokufa hana muda wa kamusi.

Walikuja watu wa kutosha, ingawa nusu yao walikuwa wanakimbia mvua. Nimewaambia okidi si mahindi, haitaki udongo. Inataka magome ya mti, hewa, na mtu asiye na haraka. Kisha nikawaonyesha mizizi inayotoka nje ya chungu na kuning'inia, myeupe, kama kamba za viatu. Hiyo ndiyo inayowatia watu wasiwasi, wanadhani mmea unataka kutoroka. Nikasema iacheni hukohuko nje, inakunywa unyevu wa hewani. Ukiifukia inaoza, na ikioza mmea nao haukawii.

Hilo nililisema kwa sauti ya juu kuliko mengine, na ninajua kwa nini. Miaka yote wifi yangu alipokuwa mwalimu wa nyumba hii, nami msaidizi wake, alifundisha kinyume. Akiona mzizi uko nje, anaukunja taratibu kwa kidole, anauingiza chunguni, anaushindilia kwa magome na kusema, "Mtoto halali nje." Watu wanacheka. Wanakwenda nyumbani, maua yao yanakufa polepole, na bado wanampenda. Nilimwambia mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba mimi nasoma sana mabango.

Wifi alipotea Novemba. Alitoka asubuhi na koti lake la kijani la kazi na gunia tupu, akamwambia mlinzi anakwenda mlimani kuleta magome. Hakurudi. Walimtafuta mlimani kwa mbwa na kwa watu, wakakata tamaa. Nyumbani Mama, yaani mama mkwe wangu, hataki kuitwa mfiwa. Kila jioni anampakulia binti yake sahani, anaifunika, halafu ya kwake anaigusagusa tu. Anasema atakula vizuri siku watakayokula wote wawili. Amekwisha, nguo zinamvaa yeye. Mume wangu aliniambia jana, "Dada angepatikana tu, hai au maiti, Mama angekula." Hiyo ndiyo dua ya nyumba yetu siku hizi, na ni dua inayotia aibu.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Watu wengi. Feni ya nyuma imekufa, vioo vyote vimejaa mvuke.

Jumatano, 13 Machi

Mezani kule mwisho pana okidi ya wifi. Hatujawahi kuiona ikichanua. Alikuwa akiiita Bi Harusi, kwa sababu kila mwaka inajiandaa na haitoki chumbani. Siku ya kufungua niliitoa mizizi yake yote nje, nikaipanga vizuri, ili watu waone mfano mwema. Leo nimekuta miwili imeingizwa chunguni na kushindiliwa.

Nilimfuata mlinzi langoni. "Shikamoo, mzee. Umegusa ule mmea wa wifi?"

"Marahaba. Mimi na maua wapi na wapi, mwalimu? Mimi nagusa kufuli."

Nimeitoa tena.

Alhamisi, 14 Machi

Imerudi ndani. Mlinzi hana hamu na maua, lakini utani anaupenda. Nitamkomesha.

Jumanne, 19 Machi

Yule mama mshonaji aliyekuja siku ya kwanza amerudi na okidi yake kwenye mfuko wa vitambaa. Ilikuwa nzima kabisa, mimi mwenyewe niliisifu. Leo majani yamelegea, na nilipoichomoa chunguni ikatoa harufu ya maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika. Mizizi yote ya nje ilikuwa imekunjwa na kufukiwa.

"Nani kakwambia uifukie?"

"Si hapahapa?"

"Mimi nilisema iacheni nje, mama. Nilisema mara mbili."

"Wewe ulisema hivyo, ndiyo." Alisita, akaona haya kidogo. "Lakini ulipokwenda kufunga bomba, yule dada wa huku nyuma akaniambia nisikusikilize sana. Alisema wewe ni mzuri ila unasoma sana mabango."

Nikamuuliza dada gani. Akasema mwenye koti la kijani, mpole, anaongea kwa chini. Akaongeza kwamba alidhani ndiye mkubwa wangu.

Sikuogopa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kuna mtu amewahi kusoma kwa wifi, ameshika maneno yake, amejitafutia na koti, na sasa anakuja kunichezea darasani kwangu. Nimempa mama mshonaji mche mwingine bila malipo, nikamwomba akimwona tena aniite.

Jumatano, 27 Machi

Meza ya wagonjwa imejaa. Dereva wa teksi, yule aliyeninong'oneza kwamba okidi ni ya mkewe naye anaitunza kwa siri kwa sababu wameachana. Mzee na mkewe wanaobishana nani aliizidishia maji. Muuza simu. Wote mizizi wamefukia, na wote wana jibu moja: yule dada. Lini? Ulipokwenda kula. Ulipokuwa ukiongea na meneja. Ulipotupa kisogo kidogo tu.

Nilimuuliza dereva alionyeshwa vipi. Akanyoosha kidole chake cha shahada, akakunja hewa taratibu, akaingiza, akashindilia kwa ncha mara moja, kisha akageuza kidole na kugonga ukingo wa chungu kwa ukucha. Wifi alikuwa akigonga hivyohivyo. Huo ugongaji sikuwahi kuusimulia kwa mtu, maana ulikuwa ukiniudhi.

Ijumaa, 29 Machi

Meneja kaniita ofisini. Amesema watu wanalalamika kwamba nyumba ya vioo inaua maua.

"Mnafundisha mambo mawili yanayopingana," akasema.

"Mimi nafundisha moja."

"Basi la pili nani analifundisha?"

Nikabaki natazama kalenda yake ya ukutani. Akanipa mpaka mwisho wa masika. Mambo yakiendelea hivi, atafunga maonyesho.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimeamua kumnasa. Sikwenda kula. Nilimwambia mlinzi kwa sauti, yeyote asikie, "Mzee, natoka kidogo," halafu nikazunguka na kuingia kwa mlango wa mabomba, nikakaa nyuma ya majani mapana karibu na Bi Harusi. Mvua ilikuwa inapiga vioo kwa nguvu. Nje kulikuwa kweupe tupu, huoni hata uzio.

Akaingia mama mmoja na binti zake wawili wakubwa. Wakafunga mwavuli, wakakung'uta viatu, wakasimama kwenye meza ya mbele. Nikawaacha. Kwa muda walitazamatazama tu kama watazamavyo wageni wote. Kisha wakanyamaza kwa pamoja. Yule binti mdogo akaweka mkoba wake chini ili mikono iwe huru. Mama mtu akawa anatikisa kichwa polepole kwa adabu, vile mtu anavyomkubalia anayemfundisha. Mbele yao sikuona mtu. Kulikuwa na meza, ndoo, na kioo kilichojaa mvuke.

Nilikimbilia pale. Tayari walikuwa wanakunja mizizi.

"Nani anawaonyesha?"

Yule mama alinitazama kama mtu asiye na adabu aliyekatiza mazungumzo. "Si huyu hapa," akasema, akageuka. Akatafuta. Akawatazama binti zake. "Alikuwa hapa sasa hivi. Amepita wapi?"

"Labda kaenda kuchukua magome mengine," binti mkubwa akasema. "Haya ametugawia."

Juu ya meza palikuwa na lundo dogo la magome. Kila kitu humo ndani kinatiririka maji, mpaka karatasi zangu zimekuwa uji, lakini magome yale yalikuwa makavu. Na yalikuwa mekundu.

Nayajua. Ni ya wifi. Alikuwa akija nayo kwenye gunia mara chache kwa mwaka, na okidi zikiyapenda kuliko kitu chochote. Nilipomuuliza anayatoa wapi, alisema "Mlimani," akacheka na kunifinya shavu. Hakutaka nijue. Nami nilikuwa na kiburi, nikaacha kuuliza. Alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi kabla ya saa za kufunga, viatu havina hata tope. Yale aliyoyaacha yaliisha Desemba, tangu hapo natumia magome meusi ya kununua.

Niliwaaga wale wageni vizuri. Kisha nikatoka nikasimama kwenye mvua, kwa sababu kule nje kulikuwa na magari na watu wanaotukanana kwa honi, nami nilikuwa nawahitaji.

Jumatatu, 8 Aprili

Kila asubuhi naitoa mizizi ya Bi Harusi. Kila ninaporudi imeingia. Sasa naitoa bila kuitazama.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimevimwaga vyungu vya meza ya wagonjwa kimoja kimoja. Chini ya magome meusi, kwenye kila kimoja, kuna safu ya mekundu. Nimekusanya kiganja kizima nikatia mfukoni mwa aproni. Sijui ninakusanya ushahidi wa nini wala nitaupeleka kwa nani.

Nilimwambia mlinzi yote. Hakucheka. "Lisemwalo lipo, mwalimu," akasema, "na kama halipo laja." Nikamwambia msemo huo haujawahi kumsaidia mtu kulala. Akakubali.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anarekebisha pasi, bisibisi mkononi, akasikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Mvuke wa mle ndani unakuchosha," akasema.

"Na wale watu wote, nao mvuke?"

"Watu wakisikia jambo wote wanaliona." Akaweka bisibisi chini. "Mke wangu, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Mama. Ukimwambia kwamba Dada ameonekana, hata kwa mzaha, atakwenda kukaa pale mpaka afe."

Alikuwa na haki. Lakini niliumia, maana nilitaka aniulize kama naogopa. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeuliza.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Maji yamefika ngazi ya pili ya mlango wetu, nikamwambia Mama nitasukuma komeo leo kwa sababu upepo unaufungua mlango na sebule inalowa. Tangu Novemba mlango wa mbele haufungwi kwa komeo. Unarudishwa tu. Majirani wanasema tuna bahati wezi hawajui.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilekile kinachotazama mlango, sahani iliyofunikwa ikiwa mapajani. Akasema, "Acha wazi, mwanangu."

"Maji yataingia, Mama."

"Yaingie. Mtoto halali nje."

Nilisimama na mkono kwenye komeo. Nilimuuliza amelitoa wapi neno hilo. Alinishangaa. Akasema ni lake. Ndilo alilokuwa akiwaitia watoto wake giza likianza kuingia, wakiwa wamezama kwenye michezo: mtoto halali nje, ingieni. Mume wangu akawa anakuja wa kwanza kwa sababu ya njaa. Wifi wa mwisho, na kila mara Mama akimfuata na kumwingiza kwa kumshika bega.

Kumbe miaka yote ile wifi alipokuwa akifukia mizizi, alikuwa akifanya alivyofanyiwa. Mimi nilidhani ni ujinga tu, tena nikiusahihisha mbele za watu. Leo, kwa mara ya kwanza tangu apotee, nimemlilia. Nililia jikoni, bomba likiwa wazi.

Mlango tumeuacha. Nimeweka mifuko ya mchanga.

Jumapili, 28 Aprili

Mama hajaweza kuinuka kitandani. Daktari amesema hana ugonjwa, ni mwili umechoka kusubiri chakula. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini na sisi tulio pembeni tunauona. Hauwezi kuendelea hivi hadi masika mengine.

Alhamisi, 2 Mei

Nitaandika taratibu ili nisiruke kitu.

Nilirudi kazini nimelowa chapachapa. Nikaivua aproni nikaitupa juu ya kiti chumbani kwa Mama, nikawa namlisha uji kijiko kwa kijiko. Baada ya vijiko vichache akageuza uso.

"Nani kaleta shati la baba yenu humu?"

Mume wangu alikuwa mlangoni. Tukatazamana. Baba yao amekufa zamani, mimi sikumkuta. Nikasema hapana shati, Mama. Akasema lipo, anasikia harufu yake. Akanyoosha mkono kwenye kiti, akaivuta ile aproni, akaweka pua kwenye mfuko. Akabaki hivyo muda mrefu. Kisha akaingiza vidole akatoa yale magome mekundu niliyokuwa nimeyasahau.

"Hii," akasema. "Alikuwa akirudi na harufu hii kila siku. Nikifua haitoki."

"Kutoka wapi, Mama?" Nilikuwa najua naongea, ila sauti ilikuwa mbali.

"Kiwandani. Kwenye kupasua mbao. Ule mti mwekundu walikuwa wakiupasua wao tu." Akayasugua kwa kidole gumba. "Na yule alikuwa akimfuata baba yake huko, mdogo hivi. Anacheza kwenye lundo la magome kutwa. Jioni namkung'uta mlangoni kabla hajaingia."

Mume wangu aliishika fremu ya mlango. Kiwanda kile kipo ng'ambo ya reli. Kilifungwa sisi hatujaoana, geti lina mnyororo, kila mtu amesahau kama kipo. Unaweza kutoka bustanini asubuhi, ukaingia pale kwa upenyo wa uzio, ukajaza gunia, ukarudi kabla ya saa za kufunga na viatu visivyo na tope.

Wifi hakuwahi kwenda mlimani. Alisema mlima ili nisigundue. Na kwa sababu alisema mlima, wote tulikwenda kumtafuta mlimani.

Koti lile halikuwahi kufika nyumbani, lilikuwa likining'inia bustanini kwenye msumari. Ndiyo maana pua ya Mama haikupata nafasi ya kutuambia mapema.

"Mmenyamaza nini?" Mama akauliza. Mume wangu akamjibu kwamba anatafuta koti la mvua.

Ijumaa, 3 Mei

Amepatikana.

Jumapili, 5 Mei

Ijumaa sikuweza. Leo najaribu.

Tulikwenda na askari mmoja aliyekuja kwa kuturidhisha tu, nilimwona usoni. Akakata mnyororo. Mashine zimebaki mifupa, majani yamefika kiunoni. Nyuma ya banda la misumeno kuna lundo la magome mekundu, kubwa kama nyumba, mvua imelishusha upande mmoja. Kando yake kuna shimo la zege walikokuwa wakiteremsha magogo. Lilikuwa limefunikwa kwa mbao. Mbao zilikuwa zimeoza, na katikati zimevunjika.

Mume wangu alitangulia kutazama. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye tope, akasema, "Dada, shikamoo," kama alivyomwamkia kila asubuhi.

Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, gunia lake limejaa nusu. Nilichokitambua ni koti. Mengine sitayaandika. Kuna mti umeota ukingoni mwa shimo, na mizizi yake imeteremka ukutani mpaka kwake, myeupe, mirefu, inaning'inia hewani bila cha kushika. Juu palikuwa wazi. Masika yote yamemnyeshea.

Askari alivua kofia. Mume wangu akawa anarudia jambo moja tu: "Alikuwa hapa. Hapa tu ng'ambo ya reli. Tungepita tukaita, angesikia." Nilimshika begani nikamwinua.

Mchana huohuo tulimwambia Mama. Nilidhani ataanguka. Alinyoosha shuka kwanza, pande zote mbili. Halafu akauliza swali moja.

"Alikuwa ndani au nje?"

Mume wangu akaniangalia. Nikasema, "Nje, Mama."

"Basi mleteni tumwingize," akasema. Akatelemsha miguu kitandani mwenyewe na kuomba viatu.

Tumemzika jana. Mlinzi alikuja, meneja alikuja, mama mshonaji na dereva wa teksi walikuja na sikujua nani aliwaita. Watu walipomaliza kujaza udongo, Mama aliinama pembeni mwa kaburi. Palikuwa na donge limebaki juu juu. Akalivunja, akalisukuma ndani taratibu kwa kidole kimoja, akashindilia kwa ncha, halafu akageuza kidole na kugonga udongo kwa ukucha. Dereva alinitazama. Na yeye alikuwa ameona.

Jioni Mama alikula. Alikula chake akakimaliza, akavuta ile sahani nyingine, akaifunua, akala na hiyo. Kisha akaenda mlangoni akasukuma komeo. Lilikuwa limeshika kutu, alilisukuma kwa mikono miwili.

Alhamisi, 9 Mei

Nimerudi kazini. Bi Harusi yuko vilevile nilivyomwacha, mizizi yote nje.

Jumamosi, 11 Mei

Nje.

Jumatano, 15 Mei

Mvua zimepungua. Feni imetengenezwa, vioo vimekauka, unaona mpaka barabarani. Mama mshonaji ameleta ule mche niliompa. Umepona, una mzizi mpya mweupe unaoning'inia nje kama inavyotakiwa. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama yule dada bado anaonekana.

"Yule? Hapana. Tangu siku ile sijamwona tena." Akafikiri. "Unajua hakuwahi kunikaripia hata nilipokosea."

Meneja amefurahi. Meza ya wagonjwa iko tupu, maonyesho hayafungwi. Amenipongeza mbele ya wenzangu. Ningekuwa mimi wa mwezi Machi ningevimba kichwa. Nilimwitikia asante, nikaenda nyuma, nikakaa karibu na ile meza ya mwisho. Palikuwa kimya, na mimi ndiye mwalimu pekee. Ndicho nilichokuwa nakitaka miaka yote. Namkumbuka wifi kiasi cha kutaka anitukane.

Nimeelewa sasa, au nimejielewesha. Masika yote alikuwa akifundisha somo moja, kwa kila aliyekuwa na masikio, na mimi nilikuwa nikizunguka nyuma yake nikilifuta.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya mwisho ya maonyesho. Jua. Nyumba ilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Mama alikuja. Hajawahi kukanyaga hapa, alikuwa akiyaita haya maua majani yasiyopikika. Mlinzi alimletea kiti, nikamweka mbele.

Nilifundisha lote tangu mwanzo. Magome, hewa, subira. Maji mpaka yatoke chini, kisha uache. Mizizi ya nje iacheni nje. Nilisema hivyo wazi, na bango lilikuwa juu ya kichwa changu. Kwa mfano nilikuwa nimemleta Bi Harusi mbele, ambaye hajatoka mwaka huu pia.

Nilipofika mwisho mikono yangu ilikuwa juu ya chungu. Nikachagua mzizi mmoja, mzuri, wenye ncha ya kijani. Nikaukunja kwa kidole. Nikauingiza chunguni, nikaushindilia, nikaweka juu yake kipande cha gome jekundu kilichokuwa kimebaki mfukoni. Sikugonga kwa ukucha. Ugongaji huo si wangu.

Mwanamume mmoja wa mstari wa pili akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Si umesema tusifukie?"

"Nimesema."

"Sasa huo si utaoza?"

"Utaoza," nikamwambia. "Mtoto halali nje."

Alingoja nieleze zaidi. Wengine wakaandika. Mama, pale mbele, alikuwa anakitazama kidole changu. Kisha akanyoosha mkono wake na kugonga ukingo wa chungu kwa ukucha, mara moja, akaurudisha mkono mapajani. Nikawauliza wanafunzi kama kuna swali jingine.